Geti la Viboko

Ukishuka kwa mguu kutoka soko la Masinga hadi bwawani, utajua umefika kwa Muthoka Kimanzi pale utakapoulizwa jina lako, namba ya kitambulisho, umebeba nini na unatarajia kutoka saa ngapi. Usitafute ukuta, hakuna. Kuna boriti moja ya mkaratusi iliyolazwa kukatiza njia, ncha moja imefungiwa jiwe ili ipande kirahisi, na kando yake mzee wa miaka sitini na mbili amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kofia kichwani, kalamu sikioni. Huku juu ni mashamba na kijiji. Kule chini ni matete, matope, maji, mamba na viboko. Ukimwambia kwamba pande zote mbili za boriti ni wazi na mtu anaweza kuizunguka kwa hatua nne, atakutazama kwa huruma.

"Hata Mlolongo mtu angeruka ukuta," atakwambia. "Lakini mtu ako na heshima anapitia geti."

Mlolongo ndiko ujana wake ulikoishia. Kwa miaka ishirini na sita alilinda geti la godauni moja kando ya barabara ya Mombasa, akiandika malori. Lori likiingia, anaandika. Lori likitoka, anaandika. Namba, saa, mzigo, sahihi ya dereva. Alimeza vumbi la machimbo ya mawe mpaka leso yake ikawa rangi ya saruji. Nyumbani alikuja Krismasi na Pasaka, na ule mwaka ambao bosi alioa mke wa pili na kuwa na furaha, alikuja Agosti pia. Watoto wake watatu walizaliwa, wakabatizwa, wakaota meno na kuyang'oa, yeye yuko getini. Hatimaye akapewa barua, blanketi na mkono wa kwaheri, akarudi Masinga akitabasamu peke yake njia nzima.

Nyumbani alikuta hakuna nafasi. Si kwamba alifukuzwa. Ndunge, mkewe, alimchinjia kuku na kumtandikia kitanda vizuri. Lakini Ndunge alikuwa ameendesha boma lile kwa miaka ishirini na sita, akilima na wanawake wenzake wa mwethya, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule, na kila kitu kilikuwa na mwenyewe na wakati wake. Muthoka alishika jembe, akaambiwa hilo ni la kupalilia, si la kulimia. Alifunga mbuzi, kamba ikafunguka, mbuzi akala kitambaa cha kanisa. Siku moja alikoroga muthokoi jikoni, yale mahindi yaliyokobolewa yanayopikwa na maharagwe, akaambiwa anakoroga kinyume. Alijaribu kuuliza muthokoi una kinyume namna gani, na hilo halikusaidia kitu.

Wiki ya tatu Ndunge alimwambia kwa upole kabisa, "Baba Lenny, tafuta tu mahali ukae."

Pengine alimaanisha kiti. Muthoka alichukua ndoo ya rangi, akashuka nayo hadi bwawani. Iliuma, wacha nisifiche. Mtu aliyekaa mbali na mke wake robo karne akiota siku ya kurudi, halafu akirudi anakuwa mgeni anayekanyaga mahali pasipokanyagwa, huyo lazima aumie.

Sasa, sisi watu wa Machakos hatuna bahari, na hatumwombi mtu radhi. Tuna ukingo wa Masinga. Na ukingo huo una kituko ambacho bahari haina: haukai mahali pamoja. Mvua ikinyesha kule juu milimani, maji yanapanda mpaka yanameza njia za mbuzi. Kiangazi kikikaza, yanarudi nyuma hatua mia mbili, mia tatu, na kuacha matope meusi yenye rutuba ambayo watu wanayagombania kupanda maharagwe na matikiti. Mtu anaweza kulala na shamba akaamka na ziwa. Kati ya maji kumesimama miti mikavu iliyozama tangu bwawa lijengwe, na juu ya miti hiyo ndege weusi huanika mabawa asubuhi nzima kama nguo za shule.

Siku ya kwanza Muthoka alikaa tu akitazama. Siku ya pili mikono ikaanza kuwasha. Viumbe walikuwa wanaingia na kutoka mbele yake bila mtu kuandika! Yangeyange ishirini wanashuka, nani amewahesabu? Kenge mnene kama mguu wa mtu mzima anatoka kwenye matete na yai mdomoni, yai la nani, amepewa na nani? Siku ya tatu alinunua kitabu kikubwa cha jalada gumu, akapiga mistari kwa rula, na ulimwengu ukatulia.

Ninalo la kukwambia kuhusu kitabu hicho, kwa sababu nimekisoma. Fungua ukurasa wowote:

"Saa 12.20 asubuhi. Bata bukini wawili na watoto saba. Wameingia. Saa 12.50, hao hao, watoto sita. Mamba amehojiwa kwa filimbi, hakujibu. Saa 1.05, furukombe ameingia na samaki mmoja mkubwa. Mzigo haukukaguliwa."

Viboko aliwapa namba. Walikuwa wanne katika sehemu ile ya ukingo, na Muthoka hakuona sababu ya kuwapa majina ya binadamu. Aliwapa herufi za namba za gari, kulingana na umri. Yule jike mzee mwenye sikio lililochanika na mguu wa nyuma unaoburuta alikuwa KAH. Dume lake, mnene na mwenye hasira, KBL. Kijana mmoja KCQ. Na yule mtoto aliyezaliwa baada ya mvua za mwaka juzi, anayeng'aa bado, alikuwa KDE. Mkenya yeyote akisikia hivyo anajua mara moja nani ni wa zamani na nani ametoka juzi bandarini.

Kuwaona wakitoka jioni ilikuwa rahisi. Kujua kama wote wamerudi alfajiri ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu mzee naye hulala. Hapo Muthoka alitumia ujanja wa Mlolongo. Kule godauni alikuwa akimwaga vumbi laini mbele ya mlango wa nyuma, asubuhi asome nani amepita. Hapa alichukua tawi la mgunga, na kila jioni akasawazisha tope la njia ya viboko mpaka likawa laini kama chapati isiyopikwa. Boriti aliiacha juu usiku ili wenye njia wapite. Alfajiri alikuja na kitabu, akainama, akasoma nyayo: vidole vinne vinavyoelekea mashambani, vidole vinne vinavyoelekea majini. Wanne wakitimia, anaandika, anashusha boriti, anaenda nyumbani kunywa chai, na kitabu anakiweka juu ya kigoda jikoni. Wasipotimia, hakuna mtu anayepita. Kiboko akikuta mtu amesimama kati yake na maji, huwa hakuna mjadala.

Kijiji kilimwita Soja, na kucheka. Aliyecheka zaidi alikuwa Kaloki, jirani yake, mvuvi wa miaka arobaini na kitu, mwenye maneno mengi na meno mazuri. Kaloki alikuwa amepanda matikiti ubavuni mwa njia ya viboko, tena akayawekea uzio wa vijiti ambao kuku angeusukuma. Muthoka alimwonya mara tatu, na maonyo yote matatu yamo kitabuni pamoja na saa.

"Soja, kiboko anakula nyasi," Kaloki alimjibu. "Hajui tikiti ni nini."

Kwa hiyo Muthoka alipoanza kuona alama za vidole kwenye kurasa zake, vidole vyenye masizi, alijua ni Kaloki. Mtu alikuwa anapekua kitabu chake. Aliudhika sana, lakini hakusema. Aliandika tu pembeni: "Kitabu kimeguswa na mtu asiyehusika."

Basi likaja juma lenyewe. Jumatano, Lenny, kifungua mimba wake, alipiga simu kutoka Mlolongo. Alikuwa amempatia baba yake kazi: geti la jengo la kupangisha, chumba cha mlinzi kipo, kazi inaanza Jumatatu. Mwenye jengo alitaka jibu Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Lenny alikuwa na nia njema. Alikuwa amesikia kwamba baba yake anakaa kutwa bwawani akiandika ndege, na moyo wake ukaingia hofu.

Muthoka alimweleza Ndunge, akitega sikio kama mgonjwa mbele ya daktari. Ndunge alisema, "Ni sawa." Kisha akaitoa ile yunifomu ya zamani kwenye sanduku, akaifua, akaipiga pasi na kuitundika nyuma ya mlango.

Muthoka aliitazama yunifomu ile usiku mzima. Hakutaka kurudi Mlolongo. Hakutaka hata kidogo. Alitaka kuzeeka hapa, kati ya mke wake na maji yale, lakini hakuweza kumuuliza Ndunge kama anamtaka, kwa sababu alidhani jibu tayari linaning'inia mlangoni.

Tumaini lilikuwa moja. Jumamosi hiyo hiyo, Peris, dada mmoja wa Kangundo anayefanya kazi na shirika la kutunza mabwawa, alikuwa analeta wageni wanane kutembea ukingoni na kutazama ndege na viboko. Shirika lilitaka mtu mmoja wa kuajiriwa awe akiongoza wageni. Waliojitokeza walikuwa wawili, Kaloki na Muthoka. Kaloki angeongoza nusu ya kwanza, kutoka kwenye mashua hadi kwenye boriti. Muthoka angeipokea safari hapo, awapitishe kwenye matete hadi kwenye ulimi wa mchanga ambako viboko huota jua. Akipata kazi hiyo, aliwaza, atakuwa na sababu ya kukaa ambayo haimwombi mtu ruhusa.

Jumamosi alfajiri alishuka na kitabu, akainama juu ya tope. Nyayo za kutoka: nne. Nyayo za kurudi: tatu. Alivua kofia, akahesabu tena. KBL ameingia. KCQ ameingia. Mtoto ameingia. Ule mguu unaoburuta ulikuwa umekwenda mashambani, na haukuwa umerudi.

Akashusha boriti, akakaa juu ya ndoo. Chai hakwenda kunywa.

Saa tatu na nusu wageni wakatokea wakiwa na Kaloki mbele, na hapana budi kusema ukweli, Kaloki alikuwa amefanya kazi nzuri. Aliwaonyesha furukombe akipiga mbizi. Aliwaonyesha kiota kikubwa cha vijiti ambacho ndege mmoja tu mdogo hukijenga, akawaambia ndani mna vyumba vitatu na sebule, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga. Waliwaona mamba wawili wakiwa wamelala midomo wazi. Wageni walikuwa wanacheka, wana matope hadi magotini, na mbele ya wote alikuwa kijana wa Syokimau aitwaye Jeff, ameninginiza kamera yenye mdomo mrefu kama bomba la maji.

Pembeni, chini ya mgunga ulio mbali kidogo na njia, karibu na gari la shirika, Ndunge alikuwa anapika. Shirika lilikuwa limemwomba chakula cha wageni, na sufuria ya muthokoi ilikuwa inatokota.

"Haya," Peris akasema, "mzee Muthoka, sasa ni zamu yako. Tuongoze."

Muthoka akasimama, akavuta shati, akapiga saluti. "Karibuni. Hakuna kupita."

Wageni waliitazama boriti, kisha pande zake mbili zilizo wazi.

"Mzee niaje," Jeff akasema. "Unatubeba wajinga ama? Tumetoka Syokimau saa kumi asubuhi juu ya hao viboko."

"Kijana, hata mimi nawataka. Lakini mmoja ako nje. Ametoka jana saa moja na dakika kumi jioni, hajaingia. Sasa mkipita hapa, atawapata katikati ya matete, na hiyo njia ni yake. Kwanza sogeeni nyote kule nyuma ya gari. Alafu mtaandikisha."

Peris alisogea karibu, akashusha sauti. Alikuwa mtu wa adabu, lakini alikuwa na ratiba. "Mzee, kuna uhakika gani? Wageni wakirudi bila kuona viboko, mimi nitaandika nini kwa ripoti?"

"Andika mmoja hajaingia."

Kaloki akacheka mpaka akajishika magoti. "Dada Peris, hiyo ni maneno ya Soja. Yeye anasoma matope kama magazeti. Huyo kiboko alirudi kitambo, alipitia upande ingine. Nipeni mimi hao wageni, dakika kumi mko kwa mchanga."

Hapo ndipo Muthoka alipoiona kazi ikimtoka. Aliona wageni wakimtazama Kaloki kwa matumaini na yeye wakimtazama kama msumari uliochomoza kwenye kiti. Angeweza kuinua boriti. Mkono mmoja tu. Pengine KAH alikuwa amepitia upande mwingine kweli. Angewapitisha, wangeona viboko, Peris angefurahi, na Jumatatu asingeivaa ile yunifomu. Mkono wake ulifika kwenye boriti, nami sitakudanganya, ulikaa hapo muda. Lakini kitabu kilisema watatu, na katika miaka ishirini na sita Muthoka hakuwahi kuandika gari limeingia wakati halijaingia, hata siku ile bosi mwenyewe alipomwomba.

"Hakuna kupita," akasema tena.

Peris alitazama huku na huku, akamwona Ndunge amesimama na mwiko. "Mama, wewe ndiwe unamjua. Tumsikilize?"

Muthoka alitazama chini. Alimjua Ndunge. Alikuwa amemsikia akikiita kitabu kile karatasi za wazimu mbele ya wanawake wote wa mwethya.

Ndunge alifuta mkono kwenye leso. "Mimi niko na maharagwe hapo chini kwa maji," akasema. "Kila siku asubuhi yeye akikunywa chai, mimi nachukua hiyo kitabu nasoma. Kama ameandika wote wanne wameingia, naenda kunyunyizia. Kama hajaandika, siendi, hata kama maharagwe itakauka. Huu ni mwaka wa pili na sijawahi kutana na kiboko. Dada, leo hakuja chai, nikaisoma hapa juu ya ndoo yeye akiangalia matope tena. Ni watatu."

Masizi! Muthoka aligeuka kumtazama mke wake, mdomo wazi kuliko mamba. Mwaka mzima alikuwa amemnunia Kaloki bure.

"Sawa," Peris akasema polepole. "Twendeni nyuma ya gari."

Kaloki hakupenda. Mwanamume aliyekwisha kuhesabu kushinda hapendi kupokonywa ushindi na mwanamke mwenye mwiko. "Basi mimi nitawaonyesha," akasema. "Kama kuna kiboko huku nje, si atakuwa hapa kwa njia? Wacha niende mpaka kwa matikiti yangu nirudi. Jeff, weka kamera tayari, unipige picha nikirudi."

Akapanda njia akipiga mluzi. Walimwona akifika kwenye shamba lake, akisimama, akishika kichwa. Matikiti hayakuwepo. Palikuwa na maganda, matope na nafasi pana iliyolaliwa. Kisha kichaka kilicho nyuma ya shamba, kile alimokuwa akihifadhi matandazo, kikainuka na kujinyoosha.

Nimewahi kuwaona watu wakikimbia. Kaloki aliteremka njia ile miguu ikiwa mbele na mwili ukijaribu kuifikia. Aliacha kiatu kimoja, akaacha cha pili ili cha kwanza kisisikitike. Hakukumbuka gari, hakukumbuka wageni. Alipofika kwenye boriti aliizunguka kwa upande na kuingia ndani ya mgunga mchanga, akaupanda wote, miba na yote, akapiga kelele kwa Kikamba akiwataja watu wa kwao waliokwisha kufa.

Nyuma yake KAH alikuja. Kusema kweli hakuwa anamfukuza mtu. Alikuwa ameshiba, ameamshwa vibaya, jua limempiga, na alitaka maji yake. Alishuka ile njia yake kwa mwendo wa mchakamchaka, tumbo likitikisika, sikio lililochanika likipepea, na njia ile ilikuwa na boriti moja iliyoshushwa.

Wageni wote wanane walikuwa wamelala chini ya gari, nyuma ya gari na juu ya gari. Jeff alikuwa juu. Kamera ilikuwa chini.

Muthoka alisimama nyuma ya mgunga mkubwa, kamba ya boriti mkononi. Hakuwa jasiri, aliniambia mwenyewe. Lakini mikono ilikuwa na akili yake. Kitu kikubwa kilikuwa kinakuja getini, kizee, kinaburuta upande mmoja, na kinafahamika. Akavuta kamba. Jiwe likashuka, boriti ikapanda juu angani vizuri kabisa. KAH akapita chini yake bila hata kugeuza kichwa, matope yakiruka, harufu ya tikiti ikimfuata. Muthoka akapiga saluti. Boriti ikashuka. Matete yakafunguka, yakafunga, na baada ya muda mfupi ukasikika mlio wa maji yakipokea mzigo mkubwa.

Muthoka akatazama saa, akatoa kalamu sikioni.

"Saa 3.47 asubuhi," akaandika. "KAH ameingia. Mzigo: matikiti, yote."

Kisha akageukia mgunga mchanga. "Kaloki, shuka uandikishe. Ulipita geti bila kuandika."

Ilichukua nusu saa kumtoa Kaloki mtini, na wageni wawili wakimng'oa miba. Baada ya hapo Muthoka aliwapitisha wageni kwenye matete mmoja mmoja, kwa sahihi. Walifika kwenye ulimi wa mchanga, wakawaona wote wanne wametulia majini, macho na masikio tu yakionekana, na yule mtoto amelaza kidevu juu ya mgongo wa KAH. Jeff alipiga picha mia tatu, zote za masikio.

Walipokuwa wanakula, Peris alikaa chini na kile kitabu, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Muthokoi wake ulipoa, hakuujali. Maji yalipopanda, maji yaliposhuka, siku bata walipofika, siku walipoondoka, mwaka na nusu bila siku moja kurukwa.

"Mzee," akasema mwishowe, "Kaloki anaweza kuongea. Huyo nitampa wageni. Lakini nataka mtu wa kuniambia ni lini watu wapite na ni lini wasipite. Unaweza anza Jumatatu?"

Saa sita kasoro dakika kumi. Muthoka alizungusha kofia mikononi. Jibu lilikuwa limefika mdomoni, akalimeza, akatazama upande wa mgunga ambako mke wake alikuwa anaosha sufuria.

"Ningependa kwanza niulize mwenye nyumba," akasema.

Lakini wageni walikuwa wanaondoka, na hakuna mgeni aliyewahi kutoka bila kuandikwa. Akaenda kwenye boriti, akaanza: jina, saa ya kutoka, fungua begi tuone. Simu yake aliiacha juu ya ndoo. Ikalia. Ndunge akafuta mikono, akaichukua.

"Mama? Nipatie baba," Lenny akasema. "Mwenye flati ananisumbua. Anakuja ama haji?"

"Hawezi kuongea saa hii. Ako kazini."

"Kazini gani? Si hiyo ya kuandika ndege? Mama, huyo mzee anahitaji kazi ya ukweli. Si ulisema ni sawa, hata ukampigia yunifomu pasi?"

"Nilidhani moyo yake iko huko Mlolongo. Hakuwahi niambia anataka kukaa, na mimi singemwomba. Nilishazoea kutomwomba."

Muthoka alikuwa hatua tano kutoka hapo, kalamu imesimama juu ya jina la Jeff. Alisikia kila neno. Hakugeuka, kwa sababu uso wake haukuwa katika hali ya kuonekana na wageni.

"Lenny, sikiza," Ndunge akaendelea. "Mkiwa wadogo, mlikuwa mnaniuliza kila jioni baba ako wapi. Nilikuwa nawaambia ako kazini, alafu naenda nyuma ya jikoni nalia. Leo umeniuliza tena, na nimekuambia ako kazini. Lakini saa hii, mwanangu, nikisema hivyo, namuona."